Geji ya dijitali na kompyuta ya safari kwenye lori na pikapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa madereva, matajiri wa magari na mafundi umeme wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, ambako gari hupanda na kushuka kutwa nzima na injini huvuta hewa nyepesi kuliko ya pwani. Vijitabu vingi vya geji huandikwa kana kwamba gari liko usawa wa bahari, kwa hiyo hapa tumeweka tarakimu za huku juu. Jambo moja utalikuta karibu kila jibu: geji haijui kitu yenyewe. Husoma sensa au husoma kompyuta ya injini, na namba yake haiwezi kuwa bora kuliko mahali ilikotoka.

Dashibodi yangu ina geji tayari. Hii nyingine ya nini?

Mshale wa joto kwenye magari mengi ya kisasa umetulizwa makusudi. Maji yakiwa nyuzi 82 au 98 unakaa palepale katikati, na ukianza kupanda injini imeshapata taabu. Geji ya dijitali hukuonyesha nyuzi halisi, hivyo unaona 88, 91, 95 zikipanda mlimani na unapunguza gia mapema. Kompyuta ya safari huongeza lita kwa saa, kilomita kwa lita, mafuta yaliyotumika tangu ulipoondoka, muda wa kungurumisha gari limesimama, na volti za chaji.

Nitajuaje kama gari langu linafaa?

Kuna makundi matatu, na kila moja lina geji yake.

La kwanza ni pikapu na magari madogo yenye plagi ya pini 16 chini ya usukani, yanayofuata OBD-II, yaani mfumo wa kusomea kompyuta ya injini. Marekani iliulazimisha kwa magari ya mwaka 1996 kuendelea. Ulaya iliulazimisha kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Hilux za D-4D zenye injini za 1KD na 2KD zina kompyuta ya injini. Tahadhari ni moja: gari lililotengenezwa kwa soko la Japani laweza kuwa na plagi ileile ya pini 16 huku kompyuta yake ikizungumza lugha ya kiwanda ambayo geji ya kawaida haiielewi. Azima kwanza kifaa cha kusomea na ukijaribu. Kisipounganika, na geji yako haitaunganika.

La pili ni malori makubwa yenye kompyuta, kama Scania, Volvo, DAF na ya Kichina ya miaka ya karibuni. Haya hutumia lugha iitwayo J1939, na geji lazima iandikwe kwamba inaisoma.

La tatu ni injini za pampu ya kawaida zisizo na kompyuta: 1HZ ya Land Cruiser, 3L na 5L za Hilux, 4D33 na 6D16 za Fuso. Hapa hakuna cha kuchomeka. Unafunga sensa zako mwenyewe, na kazi ni kubwa zaidi.

Volti 12 au 24?

Pima kwa testa, usibahatishe. Pikapu nyingi ni 12, Canter na malori ni 24, lakini kuna Land Cruiser za volti 24. Geji iliyoandikwa 12V ikipewa 24 huungua, mara nyingi papo hapo. Iliyoandikwa 9–32V inafaa kote.

Ukiwa na geji ya 12V kwenye lori la 24V, tumia kipunguza volti cha 24 kwenda 12. Cha ampea 3 hadi 5 kinatosha. Usichukue umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ni rahisi. Betri inayonyonywa hubaki nyuma, mwenzake hupata chaji kupita kiasi, na baada ya miezi michache unanunua zote mbili.

Niandae vitu gani?

Kwa geji ya kuchomeka, hitaji ni dogo: geji na waya wake, spiriti na kitambaa cha kusafishia dashibodi, kamba za plastiki za kubana waya kama kumi, na testa.

Kwa geji ya sensa: waya laini wa milimita 1 ya mraba (mita 5 hadi 8 kwa kila sensa kwenye lori, mita 3 hadi 4 kwenye pikapu), kishika fyuzi na fyuzi ya ampea 3, viunganishi vya duara vya milimita 8, mpira wa kubana kwa moto, bomba la plastiki lenye mikunjo la kupitishia waya, mpira wa kuvisha tundu la ukuta wa injini, na kamba za plastiki zisizopungua 30. Tepu nyeusi pekee haitoshi. Karibu na injini gundi yake huyeyuka, inafunguka, na waya unabaki uchi.

Hatua za kufunga ya plagi ya pini 16 ni zipi?

Zima gari, toa ufunguo. Tafuta plagi chini ya dashibodi upande wa dereva. Weka testa kwenye volti, ncha nyekundu kwenye pini namba 16, nyeusi kwenye pini namba 4; unapaswa kupata volti za betri. Ukikosa, angalia fyuzi. Mara nyingi fyuzi ya plagi hii ni ileile ya kiberiti cha sigara au taa za ndani, na iliungua siku mtu alipochomeka chaja mbovu.

Halafu pima pini 5, ambayo ni hasi ya mawasiliano, na bodi: testa ionyeshe zimeunganika moja kwa moja. Kwenye magari yanayotumia CAN, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huzitumia kupeana taarifa, pini 6 na 14 ndizo zinazobeba mazungumzo. Toa waya wa hasi kwenye betri, weka testa kwenye omu, pima kati ya pini hizo mbili. Ukipata karibu omu 60, njia ni nzima, kwa kuwa kila mwisho una kizuizi cha omu 120 na viwili vikiwa sambamba hutoa 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Magari mengine husimamisha vizuizi kwingine au huweka kituo cha kupitishia mawasiliano katikati, hivyo namba tofauti si ushahidi wa ubovu peke yake, lakini inatosha kukufanya utulie kabla ya kuchomeka kitu.

Rudisha hasi, chomeka geji, washa ufunguo bila kupiga stata, subiri. Nyingine huchukua karibu dakika nzima kutafuta lugha ya gari mara ya kwanza. Kisha ingiza ukubwa wa injini, aina ya mafuta, ujazo wa tenki. Ukisahau kuibadilisha kutoka petroli kwenda dizeli, hesabu yote ya mafuta itakuwa upuuzi: kwenye petroli geji hukisia mafuta kutokana na hewa, kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, ilhali dizeli huvuta hewa nyingi hata inapochoma mafuta kidogo.

Pitisha waya mbali na pedali na mhimili wa usukani. Waya unaoning'inia juu ya pedali ya breki ni hatari kuliko kukosa geji.

Na kwenye lori lenye J1939?

Malori yaliyojengwa kwa mtindo wa Marekani yana plagi ya duara yenye pini 9. Pini A ni hasi, B ni chanya, C na D ni CAN. Plagi nyeusi ni ya kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, ya kijani ni ya kilobiti 500. Malori ya Ulaya mara nyingi yana plagi ya pini 16, na pini 16 yake hubeba volti 24. Ndiyo maana geji ya pikapu ikichomekwa kwenye Scania huungua ingawa plagi imeingia bila shida. Mengine yana kituo cha FMS, ambacho watengenezaji wa malori wa Ulaya walikubaliana mwaka 2002 ili vifaa vya nje visome bila kugusa njia kuu. Kama lori lako lina FMS, tumia hiyo.

Uzuri wa J1939 ni kwamba injini hutangaza taarifa zake yenyewe: mzunguko, joto la maji, presha ya oili, presha ya turbo, lita kwa saa, jumla ya mafuta tangu gari litoke kiwandani. Geji inaweza kusikiliza tu bila kuuliza. Ukiweza kuchagua, chagua ya kusikiliza. Kuna pia klipu zinazobana waya wa CAN kwa nje na kusoma bila kukata chochote. Kwa lori la tajiri asiyetaka waya uchezewe, hiyo ndiyo njia salama.

Nimechomeka geji, taa zikawaka na gari likapoteza nguvu. Nini?

Chomoa mara moja, zima, subiri dakika tano, washa tena. Sababu ya kwanza ni kasi isiyolingana: geji ya kilobiti 250 kwenye njia ya 500, au kinyume chake, hujaza njia makosa hadi kompyuta za breki na gia zinakosa kusikiana. Sababu ya pili ni vifaa viwili vinavyouliza kwa pamoja, mfano geji na kifaa cha kufuatilia gari vikiwa kwenye plagi moja kupitia kigawanyo. Kifaa cha kufuatilia kibaki mahali pake. Geji itafutiwe njia nyingine au iwekwe katika hali ya kusikiliza tu. Fundi akija na mashine ya kupimia, geji itoke kwanza.

Injini yangu haina kompyuta. Sensa ya oili naifunga wapi?

Pale ilipo swichi ya taa ya oili, kwa kiungio cha T ili taa ibaki ikifanya kazi. Usiondoe taa hiyo kwa sababu umepata geji.

Hesi, yaani meno ya skrubu, ndiyo huharibu kazi. Injini za Kijapani kwa kawaida hutumia hesi ya inchi 1/8 ya BSPT yenye meno 28 kwa inchi. Sensa nyingi za dukani zina 1/8 NPT yenye meno 27. Zinashikana mizunguko miwili mitatu, halafu fundi anaongeza nguvu ya spana, na bloku au kiungio kinapasuka. Injini za Ulaya mara nyingi ni M10×1, M14×1.5 au M18×1.5. Beba swichi ya zamani ukanunue kiungio kwa kulinganisha hesi mkononi.

Kosa la pili: kuning'iniza T ya brasi yenye sensa nzito juu ya injini ya dizeli. Mtikisiko huikata shingoni, oili yote inamwagika, na kwenye mlima hutaiona hadi taa iwake. Tumia bomba fupi la mpira wa presha na ufunge sensa kwenye kishikio cha chuma.

Kosa la tatu: sensa yenye waya mmoja hupata hasi kupitia hesi yake. Ukizungusha tepu nyeupe ya mabomba nyingi, au ukiihamishia kwenye bomba la mpira, hasi inakatika na geji inaruka juu au inakufa. Ipe waya wake wa hasi hadi bodi.

Angalia pia omu za sensa. Za kampuni ya VDO za presha na za tenki hutumia omu 10 hadi 180. Za mtindo wa Marekani za tenki hutumia 240 hadi 33, tena kinyumenyume. Geji na sensa visivyolingana vitakupa namba zinazosogea vizuri huku zikiwa za uongo, na hilo ni baya kuliko geji iliyokufa.

Sensa ya joto la maji je?

Iwe upande wa injini, karibu na thamostati, kwenye silinda hedi au mdomo wa maji ya moto yanayotoka. Ukiifunga kwenye bomba la chini la rejeta utapima maji yaliyokwisha kupoa.

Kuna mtego ambao umeua injini nyingi: maji yakivuja yote, sensa hubaki hewani, na hewa haipelekei joto kama maji. Namba inashuka. Dereva anafurahi kwamba gari limepoa, kumbe injini inaungua. Ukiona nyuzi zinashuka ghafla katikati ya mlima bila sababu, simama. Kwenye lori linalofanya kazi ya mizigo tunashauri kengele ya kiwango cha maji pamoja na geji ya joto. Geji peke yake haitoshi.

Kengele ya joto niiweke nyuzi ngapi huku Mbeya?

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94 au 95. Njombe, iliyo karibu mita 2,000, huchemka chini zaidi, kama 93. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni mfuniko wenye presha. Mfuniko mzima wa baa 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu 115 kwa urefu wa Mbeya. Mfuniko ukifa, unarudi kwenye 94.

Injini nyingi za dizeli hufanya kazi kati ya 80 na 95. Kwa hiyo, weka onyo la kwanza 97 na kengele kuu 102, na badilisha mfuniko kabla ya kuiamini kengele hiyo. Mfuniko ukiwa mbovu, maji yatachemka na kumwagika kabla kengele haijalia. Ukiona maji yanarushwa wakati geji inasema 95, usiilaumu geji, kagua mfuniko. Na usifungue mfuniko wa moto kwa hali yoyote.

Kwenye lori lenye ritada ya maji (breki ya ziada ya kushukia), tegemea joto kupanda hata wakati wa kushuka, kwa sababu joto la breki hiyo huingia kwenye maji ya injini. Shuka kwa gia ndogo na mzunguko wa juu kiasi ili pampu ya maji isukume vya kutosha.

Geji ya turbo inaonyesha chini ya sifuri gari likiwa limezimwa. Mbovu?

La. Sensa ya kwenye manifoldi ya hewa inayoingia injini hupima presha yote, pamoja na hewa ya kawaida. Pwani hewa hiyo ni karibu kilopaskali 101. Mbeya ni karibu 82 au 83, Iringa mjini kama 84, Njombe karibu 80. Geji isiyo na kipimo chake cha hewa hutoa 101 kila mahali, hivyo Mbeya gari likiwa kimya utaona hasi 18 au 19, sawa na baa 0.18. Na gari likivuta, geji inakuibia kiasi hichohicho: turbo inaongeza baa 1.4, wewe unasoma 1.2, unaanza kutafuta bomba lililopasuka ambalo halipo.

Tafuta kwenye menyu sehemu ya presha ya hewa na uingize ya mahali ulipo, au chagua isome presha kamili. Hapo pia unapata kipimo cha bure cha sensa: washa ufunguo bila kuwasha injini ukiwa Mbeya, isome presha kamili. Ikiwa 82 au 83, sensa ni nzima. Ikiwa 101, inakudanganya.

Kuna haja ya kupima joto la moshi?

Kama unapanda Kitonga na mzigo na injini yako ni ya pampu iliyofunguliwa mafuta, yaani iliyorekebishwa itoe mafuta zaidi, ndiyo, kuliko geji nyingine yoyote. Hewa nyepesi na dizeli ileile maana yake ni moshi mweusi na moto mkali kwenye turbo na pistoni, na joto la maji huchelewa sana kukuambia hilo.

Sensa ni thamokapo (nyaya mbili za metali tofauti zinazopima joto kali) ya aina ya K, ifungwe kwenye manifoldi ya ekzosi kabla ya turbo, mahali moshi wa silinda kadhaa unapokutana. Toboa kwa drili ya kama milimita 8.5, kata hesi ya 1/8 NPT. Manifoldi itolewe kwanza. Kutoboa ikiwa garini kwa kupaka grisi kwenye drili kunafanyika, lakini chembe moja ya chuma ikiingia kwenye turbo inayozunguka inatosha kukata mapanga yake, na bei ya turbo unaijua. Usirefushe waya wake kwa waya wa kawaida wa shaba. Tumia waya wa aina ya K, na usigeuze chanya na hasi, la sivyo namba itashuka moto unapopanda.

Kikomo kinachokubalika kwa dizeli nyingi kwa safari ndefu ni karibu nyuzi 700 kabla ya turbo. Ikivuka, punguza gia na legeza mguu. Kabla ya kuzima baada ya mlima, acha injini ingurume hadi ishuke chini ya 200 au karibu yake.

Nyaya zipite vipi kwenye lori la kabini inayolala?

Fuata njia ya nyaya za kiwanda kwenye bawaba ya kabini, na uache ulegevu wa kutosha. Kabla ya kuunganisha chochote, laza kabini hadi mwisho huku mtu akiangalia waya, kisha irudishe. Waya uliovutwa ukanyooka kwenye bawaba utakatika siku fundi wa gia atakapolaza kabini, na atasema hakugusa kitu. Kweli hakugusa.

Funga kila sentimita 20 hadi 30, kaa mbali na ekzosi na turbo angalau kwa shibiri moja, na kila tundu la chuma livishwe mpira. Umeme wa geji uchukue kwenye fyuzi inayowaka ufunguo ukiwa umewashwa na isiyokatwa wakati wa kupiga stata. Ukichukua ya redio, geji itajizima kila unapowasha na kupoteza safari.

Kilomita kwa lita inayoonyeshwa si sawa na hesabu ya sheli. Narekebishaje?

Hili ni la lazima kwa kila geji, hata ya bei kubwa. Kompyuta ya injini haipimi mafuta, huyakisia kutokana na muda ambao nozeli zilifunguliwa.

Jaza tenki hadi mdomoni kwenye pampu fulani, gari likiwa mahali tambarare. Anza safari mpya kwenye geji. Endesha safari ya kwenda na kurudi, mfano Mbeya hadi Makambako na kurudi, ili kupanda na kushuka kujifidie. Rudi pampu ileile, simama palepale, jaza hadi alama ileile. Kwenye lori, usifanye hesabu kwa lita chini ya 100, maana kosa la povu mdomoni litaharibu kila kitu. Gawanya lita za pampu kwa lita za geji. Geji ikisema 180 na pampu 195, ni 195 ÷ 180 = 1.083, basi ongeza asilimia 8.3. Rudia mara moja zaidi. Ukibaki na tofauti ya asilimia 2 au 3, acha.

Kwa injini isiyo na kompyuta unahitaji mita mbili za mafuta, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa kuwa pampu ya dizeli hurudisha mafuta mengi kwenye tenki. Mita moja huhesabu mafuta yaleyale mara nyingi. Dizeli inayorudi ni ya moto na imetanuka. Tofauti ya nyuzi 40 huongeza ujazo kwa asilimia 3 hivi, na hapo ndipo makosa mengi hujificha.

Tairi nimebadilisha. Kuna athari?

Ndiyo. Tairi ya 315/80R22.5 huenda karibu mita 3.38 kwa mzunguko, ya 295/80R22.5 mita 3.28. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili bila kurekebisha, kilomita 1,000 za kweli zitasomeka karibu 1,030 na gari litaonekana linakula kidogo. Linganisha na GPS ya simu kwa kilomita 50, uingize tofauti.

Kuachia gari fri kwenye mteremko si kunaokoa mafuta?

Geji itakuonyesha mwenyewe kwamba hapana. Gari likishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta hukata dizeli kabisa na lita kwa saa husoma sifuri. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri, injini lazima ijilishe ili isizimike, na lori kubwa hula lita 2 hadi 3 kwa saa katika hali hiyo. Kwa hiyo fri ndiyo inayotumia mafuta zaidi, na juu ya hapo umepoteza breki ya injini kwenye Mlima Nyoka, Iwambi au Kitonga, breki za miguu zinabaki peke yake na kupata moto. Tajiri anayemsifu dereva kwa kuachia fri na aketi mbele ya geji hii aone. Hata kwenye injini ya pampu isiyo na kompyuta, gavana ya pampu hufunga mafuta ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa.

Geji inaweza kugundua wizi wa mafuta?

Kwa kiasi. Inajua injini ilichoma nini. Haijui kilichotoka kwenye tenki kwa mpira. Baada ya marekebisho ya hapo juu, linganisha lita za geji na risiti kwa mwezi mzima, wala si kwa safari moja. Tofauti ikikaa kwenye asilimia 2 au 3, gari liko sawa. Ikifika 8 au 10, kagua kwanza mabomba ya kurudisha mafuta na mfuniko wa tenki, na angalia kama tairi au nozeli zilibadilishwa. Usimwite mtu mwizi kwa namba ambayo hujaisahihisha.

Kiwango cha tenki kinaruka milimani.

Boya linafuata mafuta, na mafuta yanafuata mteremko. Weka wastani wa sekunde 60 au zaidi kwenye menyu. Tenki lisilo la umbo sawa lisahihishwe kwa kumimina lita 20 kwa 20 kuanzia tupu na kuingiza kila hatua. Lori la matenki mawili mara nyingi lina boya moja tu.

Itamaliza betri?

Geji nzuri ikilala hula miliampea chache. Mbaya huendelea kuwaka kwa kuwa pini 16 ina umeme saa zote. Ampea 0.2 ni ampea-saa 4.8 kwa siku; betri ya 70 inaisha kwa wiki mbili. Kama gari litakaa, chomoa.

Ukiwa hapohapo tumia geji kukagua chaji. Kwenye 24V injini ikinguruma tafuta 27.5 hadi 28.8, kwenye 12V tafuta 13.8 hadi 14.4. Zikivuka 29.5 au 15, regyuleta ya altaneta imekufa na vifaa vyote viko hatarini.

Nachomelea tela. Niiache?

Chomoa geji, toa hasi ya betri, na hasi ya mashine ya kuchomelea ibanwe karibu kabisa na mahali pa kuchomelea. Usitoe waya wa betri injini ikiwa inanguruma, hata kwa kumsaidia mwenzako kuwasha gari: altaneta ya lori ikipoteza betri ghafla inaweza kurusha zaidi ya volti 100.

Skrini niiweke wapi?

Mahali jicho linapofika bila kugeuza shingo, isiyoziba barabara wala vioo vya pembeni, na isiyo juu ya mfuniko wa puto la usalama. Safisha kwa spiriti, acha ikauke, bandika, subiri saa kadhaa kabla ya safari. Ubandike mchana kukiwa na joto. Gundi iliyobandikwa alfajiri ya Juni kule Makete haishiki. Gari likiegeshwa juani Ruaha Mbuyuni dashibodi huwaka kiasi cha kulegeza gundi nyepesi, kwa hiyo kishikio cha skrubu ni bora kwa lori. Asubuhi za baridi skrini huandika polepole dakika za mwanzo, si ubovu.

Naweza kufuta taa ya injini kwa geji?

Nyingi zinaweza. Andika msimbo kwanza kwenye karatasi, pamoja na joto na mzunguko wa injini wakati taa ilipowaka, kisha ufute. Ukirudi msimbo uleule, mpelekee fundi karatasi hiyo. Ukifuta bila kuandika, umemnyima fundi kitu cha kuanzia, na utalipia muda wake wa kutafuta.

Nikiuza gari, naihamishia jingine?

Ndiyo, ila futa marekebisho yote ya mafuta, tairi na tenki, na uanze upya na gari jipya. Hakikisha volti kabla ya kuchomeka.